Pete Nane za Mvule

Karatasi kutoka kwa mwendesha mashtaka ilikuwa na mistari minne tu, na mwiba ulikuwa kwenye ule wa nne: mlinzi mstaafu wa msitu afikishwe mahakamani kesho saa tatu asubuhi, asomewe shitaka la kuua kwa kukusudia. Inspekta aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa kiwanda cha mbao, akaikunja, akaitia mfukoni. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi.

"Tuna siku moja," alisema.

"Siku moja si haba, afande," alijibu Sajini wake. "Mungu alitenganisha nuru na giza kwa siku moja."

"Mungu hakuwa na wewe pembeni ukimpigia kelele."

Sajini alicheka. Kituoni walimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kugundua anazimwa wapi.

Ndani, kiwanda kilikuwa kama kilivyoachwa wiki tatu nyuma. Unga wa mbao ulikuwa umelala juu ya kila kitu, na gogo la mvule lilikuwa bado juu ya kitoroli chake cha reli, limepasuliwa nusu, mdomo wazi. Lilipolala hivyo lilimzidi Inspekta kimo. Msumeno uliokuwa mbele yake haukuwa tena na mkanda. Mkanda ule wa chuma ulikatika ulipogonga msumari ndani ya mti, ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa mkia, ukampata mwenye kiwanda shingoni. Watu walimwita Meno, kwa ajili ya msumeno wake, na kwa kuwa alikuwa akicheka hata pasipo na la kuchekesha. Alikata roho kabla mashine haijanyamaza.

Misumari ilikuwa minne, mirefu kama kiganja cha mtu mzima, na mti ulikuwa umekwisha kuimeza yote. Tangu siku ile, Inspekta hakuwa na shaka kwamba kulikuwa na mkono wa mtu. Swali lilikuwa mkono wa nani, na jibu lilikuja upesi mno, kwa mashine ya chapa, katika ripoti ya Bwana Misitu, mkuu wa Ofisi ya Misitu. Juu ya vichwa vya misumari, aliandika, mti umeota pete nane. Kwa hiyo misumari ilipigiliwa miaka minane iliyopita.

Na miaka minane iliyopita, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akizunguka msituni na nyundo na ndoo ya misumari. Wizi wa miti ulikuwa umezidi, ofisi ikaamua kila mti wa mbegu upigiliwe misumari, kisha uchorwe mshipi wa rangi ya njano. Mwenye msumeno akiuona mshipi, anaukataa mti, maana anajua ndani kuna nini. Msumari ndani, onyo nje: huo ndio ulikuwa utaratibu. Aliyetumwa kuufanya ni mlinzi wa lango la msitu, mzee ambaye mji mzima ulimwita Babu Lango. Ila mvule huu ulikuwa na misumari bila mshipi. Aliyeipigilia hakutaka kuulinda mti. Alitaka roho ya mtu.

Nyapara wa kiwanda aliwasubiri kando ya gogo. Alikuwa na vidole saba na utani mwingi, kama watu wa kazi yake.

"Nani alijua kwamba ni Meno mwenyewe atakayesimama mbele ya msumeno?" Inspekta aliuliza.

"Uliza nani hakujua. Gogo likizidi upana wa mlango, hakuna anayeligusa ila yeye. 'Nyinyi pasueni vijiti vyenu,' ndivyo alivyokuwa akituambia."

"Na kile?" Alinyoosha kidole kwenye chombo kilichoning'inia ukutani, mfano wa sufuria yenye mpini mrefu.

"Kipima chuma. Kila gogo linapitishiwa kile kabla ya msumeno. Kasoro lenye muhuri."

"Muhuri gani?"

Nyapara alimzungusha hadi kwenye kichwa cha gogo. Hapo, mtini kabisa, palikuwa na alama ya duara iliyodidimizwa kwa nyundo. "Muhuri wa Ofisi ya Misitu. Ukiwepo huo, maana yake wenyewe wamekwisha kukagua. Nani amkague mkaguzi?"

"Nyundo ya muhuri anayo nani?"

"Ofisi nzima ina nyundo moja, afande. Na ofisi nzima ni mtu mmoja na makabati."

Inspekta alitoa nakala ya kibali cha kukata mti, akasoma kwa sauti. "'Mti umeoza kiini. Uondolewe kwa usalama wa wapita njia.'" Aligonga gogo kwa kifundo cha kidole. Liliitika kama mlango wa ghala.

Nyapara alikohoa. "Umeoza? Huu ungezika wajukuu zetu."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa. Lakini mbao nzuri ikija mlangoni, nyapara hashangai kwa sauti."

Walipotoka, wanawake waliokuwa kwenye foleni ya bomba la maji upande wa pili wa barabara waliacha mazungumzo. Bomba lilikuwa likitoa uzi mwembamba, ndoo moja kwa robo saa. Mmoja alipaza sauti, makusudi, asikike: "Msitu umejilipia kisasi! Waache kuhangaisha wazee!"

"Mji mzima unasema hivyo, afande," Redio alinong'ona. "Kwamba msitu umemla Meno."

"Msitu una mizizi, Sajini. Nyundo hauna."

*

Babu Lango alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, mguu mmoja amenyoosha mbele kama fimbo. Nyonga yake ilivunjika miaka mitano nyuma, ndipo akastaafishwa. Hakusimama walipoingia, akaomba radhi kwa kutosimama.

"Dada yako amekuja?" Inspekta aliuliza. Meno aliyekufa alikuwa mume wa dada huyo.

"Amekuja. Amenitemea mate hapa," alishika shavu, "akaniambia niozee humu humu, kisha akaondoka. Mtoto niliyembeba mgongoni."

"Ulisema mbele za watu: 'Akiugusa mvule ule, nitamwonyesha.'"

"Nilisema. Siku zile nilikuwa na mdomo na miguu. Sasa umebaki mdomo."

"Misumari uliipigilia wewe."

"Miti thelathini na mmoja. Yote nikaichora mshipi, na rangi ikanikaa kwenye kucha mpaka mke wangu akanikataza kukanda unga. Lakini mvule ule sikuutia hata pini. Ule ni mti mama, mwanangu. Nusu ya mivule ya kilima kile ni watoto wake. Nani anampigilia mama yake misumari?"

Redio alifungua mdomo. Inspekta alimtazama, akaufunga.

"Umewahi kukosa kazini, babu?"

Mzee alisugua goti la mguu ulionyooshwa. "Mara moja. Ni miaka saba sasa. Shemeji alitaka kukata mteremko wa juu, na kibali hana. Akaja nyumbani na dada yangu, wakaketi. 'Siku mbili tu, shemeji, fumba macho.' Mtu anamwambiaje shemeji yake hapana, na dada anamtazama? Nikafungua lango. Malori yakapita siku mbili, yakamaliza kila kitu hadi ukingoni."

"Na Bwana Misitu? Mna ugomvi naye?"

"Yule?" Macho ya mzee yalilegea. "Yule ni mtoto mwema. Kilima kilipoporomoka, miaka minne iliyopita, kikafunika nyumba yake na mkewe na binti yake ndani, nilikwenda na mkongojo wangu. Tuliwafukua kwa mikono. Binti nilimpata mimi." Aliitazama mikono. "Mvua ile ilikuwa kazi ya Mungu. Mtu hana la kusema."

Inspekta aliandika: *miaka 7, lango. Miaka 4, maporomoko.* Akapiga mstari chini ya yote mawili.

*

Kitalu cha miche kilikuwa nyuma ya tangi kubwa la maji, safu kwa safu za mifuko midogo myeusi yenye majani mawili mawili. Mkuu wake, mwanamke mnene mwenye mabuti ya mpira, alikuwa akipepeta mbegu kwenye ungo. Kila mtu alimwita Mama Kitalu.

"Mkija kuniuliza kama nilimlilia Meno, jibu ni hapana," alisema kabla hawajamsalimu. "Nilipiga vigelegele. Andika."

"Andika, Sajini."

Redio aliandika. Mama Kitalu aliutua ungo chini.

"Basi nyinyi mmekuja na swali jingine."

"Mvule ule ulikuwa mgonjwa?" Inspekta aliuliza.

"Ule? Msimu uliopita nimeokota mbegu zake hadi mgongo ukakataa. Njoo nikuonyeshe." Aliwapeleka kwenye banda, akafunua gunia. Mbegu zilikuwa ndogo kama za nyanya. "Popo huja kwa mamia, wanakula tunda lake, wanaruka, wanazidondosha kilima kizima. Hivyo ndivyo msitu unavyopandwa, si kwa majembe yangu. Mimi nasaidia tu. Mvule ukizaa hivi, umeoza wapi? Sasa popo wamekuja mara mbili, wamezunguka pale palipo wazi, wamekwenda zao. Na popo asiporudi, msitu hauna mpandaji. Miaka ishirini ijayo watu watauliza mbona hakuna miti michanga, nami nitakuwa kaburini, siwezi kuwajibu."

"Aliyeandika kwamba umeoza ni Bwana Misitu."

Mama Kitalu alifunga gunia taratibu. "Amekosea."

"Huwa anakosea?"

"Huyo? Huyo akiupita mti kwa baiskeli anakuambia una kiu." Alisema hivyo, kisha akakunja uso, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe.

Redio alikuwa ameketi kwenye kisiki kando ya tangi, anajipepea kwa kofia. Kisiki kilikuwa kibichi bado, kimekatwa kama mwezi hivi. Kando yake mivule mingine mitano, rika moja nacho, ilisimama kwenye mstari.

"Inuka, baba, umekalia maiti," Mama Kitalu alimwambia. "Tuliukata mwezi uliopita, mizizi ilikuwa inapasua bomba. Na yote sita niliipanda mimi, siku tulipofungua tangi hili. Tarehe ile pale."

Kwenye saruji ya tangi, wakati ingali mbichi, mtu alikuwa amechora tarehe kwa kidole. Inspekta alihesabu. Miaka kumi na miwili na wiki kadhaa.

"Sajini. Hesabu pete za kisiki hicho."

Redio alipiga magoti, akatoa kalamu, akaanza kutoka katikati, anatia nukta kwenye kila mstari mweusi. Alihesabu kimya, jambo ambalo Inspekta hakuwahi kuliona. Alipofika kwenye gome aliinua uso.

"Ishirini na tatu, afande."

"Umeruka mmoja hapo kwenye kiini," alisema Mama Kitalu akichungulia juu ya bega lake. "Ni ishirini na nne."

"Lakini mti una miaka kumi na miwili!"

"Ndiyo. Na?"

"Na pete ishirini na nne!"

Mama Kitalu alimtazama kwa huruma anayotazamwa nayo mtu aliyezaliwa mjini. "Kwetu hapa mvua ni ngapi kwa mwaka?"

"Mbili. Ndefu na fupi."

"Na kiangazi?"

"Viwili."

"Mvule kiangazi kikija hupukutisha majani, hufunga duka. Mvua ikija hufungua. Kila akifunga, anatia mstari. Nchi zenye mvua moja, mstari mmoja. Sisi mvua mbili, pete mbili. Hapa kwetu hata mtoto wa darasa la tatu anajua."

"Nani aliwafundisha?" Inspekta aliuliza.

Mama Kitalu alikuwa ameanza kujibu kwa furaha. Jibu lilimfia mdomoni. Alitazama kisiki, akatazama nukta za Sajini, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama maji yanayoingia kwenye udongo.

"Bwana Misitu," alisema. "Kila mwaka huja na kipande cha mti, huwaketisha watoto hapa hapa."

Redio mwenyewe alizimika.

"Pete nane ni miaka minne," alisema Inspekta. "Miaka minne iliyopita Babu Lango alikuwa na mkongojo, hawezi kupanda kilima na nyundo."

"Alijua utaratibu wa kiwanda," Redio alisema polepole. "Muhuri ni wake. Kibali ni chake. Ripoti ni yake."

"Sahihi tatu, mkono mmoja. Niambie kitu kimoja zaidi, mama. Mteremko wa juu ulikatwa miaka saba iliyopita. Ukaporomoka baada ya miaka mitatu. Kwa nini haukuporomoka mwaka ule ule?"

"Kwa sababu mizizi haifi siku mti unapokatwa." Mama Kitalu aliongea akiwa amewapa kisogo. "Kisiki kimekufa, lakini mizizi chini bado imeshika udongo, kama mkono wa maiti. Huoza taratibu. Mwaka wa kwanza unashika, wa pili unashika. Wa tatu hivi mkono unaachia, na miti mipya haijaota ya kushika badala yake. Hapo mvua ya kawaida tu inatosha. Watu wakasema kazi ya Mungu." Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi namwelewa, Inspekta. Meno ningemuua hata mimi. Lakini mti mama? Amempa Meno mti mama kama chambo? Mfunge. Mfunge kwa ajili ya mti."

*

Ofisi ya Misitu ilikuwa chumba kimoja chenye makabati matano na dirisha linalotazama kilima. Kovu la maporomoko lilikuwa wazi pale juu, jekundu, halina hata jani. Meza ya Bwana Misitu ilikuwa imewekwa ili anayeketi alione.

Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, sauti ya chini. Aliwavutia viti. Kipande cha mvule chenye msumari kilikuwa juu ya meza, na karatasi ya kielelezo imebandikwa juu yake.

"Nimekuja unisaidie kuhesabu," alisema Inspekta. "Mwendesha mashtaka atakuuliza kesho, nisije nikaaibika."

"Hesabu imo kwenye ripoti."

"Nihesabie mimi. Kwa kidole."

Alihesabu kutoka kichwa cha msumari hadi kwenye gome. "Nane."

"Pete nane ni miaka mingapi?"

"Minane."

"Huku kwetu?"

Kidole kilibaki juu ya gome.

"Nimetoka kitaluni," Inspekta aliendelea. "Nimekiona kisiki cha miaka kumi na miwili chenye pete ishirini na nne. Kesho Mama Kitalu atakaa benchi la mbele. Nyuma yake watakaa watoto wote uliowafundisha. Utaapa, kisha utawaambia kwamba pete moja ni mwaka mmoja. Utaweza?"

Bwana Misitu alitazama nje ya dirisha. Alipoongea hakugeuka.

"Hapana," alisema. "Watoto sitaweza."

Redio aliandika.

"Uliipigilia lini?"

"Siku ya arobaini baada ya kuwazika. Nilipanda na nyundo na misumari minne, nikarudi na nyundo tu."

"Na ukasubiri miaka minne."

"Mti ulihitaji muda kufunika majeraha, asiwepo jicho litakaloona. Mimi muda nilikuwa nao. Nilikuwa namwona Meno kila wiki, ananiletea karatasi nimpigie mihuri, anacheka. 'Pole na matatizo, Bwana Misitu.' Pole na matatizo! Kila wiki nikampa muhuri wake. Na kila alipotoka nilipanda kupima unene wa gome."

"Kwa nini mti mama? Kilima kina miti elfu."

"Miti mingine angemwachia nyapara." Sasa aligeuka, na ile sauti ya chini ilikuwa imekauka. "Nyapara hakunikosea kitu. Nilitaka gogo ambalo Meno hatampa mtu mwingine. Lilikuwa moja tu. Unafikiri sikuusikia unavyoanguka? Nilisimama pale. Kitu pekee nilichokuwa nacho baada ya wale wawili nilikikata mimi, ili nimpate yeye. Huo ndio ninaoulilia, Inspekta. Yeye, hapana. Angekuwa na shingo mbili ningefurahi mara mbili."

"Na Babu Lango? Huyo aliwafukua kwa mikono yake."

"Alifungua lango."

"Kwa shemeji yake. Mzee wa watu."

"Alifungua lango!" Alipiga meza, kipande cha mvule kikaruka. Redio alinyanyuka nusu. "Malori yalipita siku mbili mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa safarini. Nikarudi, nikamuuliza, akaniambia hakuona kitu. Miaka mitatu nikatazama visiki vile vikioza, naandika barua ofisi kubwa, watu wahamishwe, mteremko upandwe. Hawakujibu. Mke wangu akisema tuhame, namwambia subiri, barua itakuja. Kisha mvua ikaja kabla ya barua." Alivuta pumzi. "Mmoja nilimpa msumeno. Wa pili nilimpa pete nane. Nilitaka azeeke ndani ya chumba chenye lango ambalo hawezi kulifungua."

Inspekta alisukuma karatasi tupu mezani, akaweka kalamu juu yake. "Andika yote. Kwa mkono, si kwa mashine."

Aliandika kurasa tatu. Alipomaliza aliweka sahihi, akaiangalia, akauliza, "Mtamtoa leo?"

"Leo hii."

"Kabla ya kutoka atasomewa sababu?"

"Sheria ndivyo inavyotaka. Anayeachiwa asomewe."

"Ukurasa wa pili," alisema Bwana Misitu akinyoosha mikono ifungwe. "Pale kwenye mizizi. Usiuruke."

*

Saa kumi jioni Inspekta alimsomea Babu Lango maelezo yale, neno kwa neno. Dada yake alikuwa ameitwa, amesimama mlangoni na kitenge kichwani, hajui aanzie wapi kuomba radhi. Mzee alisikiliza ukurasa wa kwanza akitikisa kichwa, anamsikitikia mtoto mwema. Ukurasa wa pili ulipoanza aliacha kutikisa.

"Rudia hapo," alisema.

Inspekta alirudia. Mizizi hushika miaka kama mitatu baada ya mti kukatwa, kisha huachia.

Mzee alikunja vidole kimoja kimoja. Mwaka wa lango. Mwaka uliofuata, alipoanza kulala vizuri tena. Mwaka nyonga ilipovunjika. Kidole kilichofuata kilikuwa cha mvua. Alikitazama sana.

"Kwa hiyo haikuwa mvua," alisema.

"Ilikuwa mvua, babu. Na lango."

"Nilimfukua yule binti kwa mikono hii," alisema, lakini hakuwa akizungumza na mtu.

Dada yake aliingia, akamshika mkono, "Kaka, twende, twende nyumbani." Redio akamshika upande wa pili. Walitoka naye hatua kwa hatua kwenye ukumbi mwembamba wa mahabusu, mkongojo ukigonga sakafu. Mwisho wa ukumbi askari wawili walikuwa wanamleta Bwana Misitu, pingu mikononi. Ukumbi ule haukuwa na upana wa watu kupishana bila kugusana. Ikabidi wote wasimame.

Walitazamana. Inspekta aliuweka mwili wake katikati, lakini hapakuwa na haja. Bwana Misitu aliinamisha kichwa, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyofanya akikutana na mtu wa umri wa baba yake.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Babu Lango alifungua mdomo. Ni neno ambalo mzee hulijibu hata usingizini, hata kwa adui, hata kwa mtoto asiyemwona. Midomo yake ilitafuta sauti, ikakosa, ikatafuta tena. Dada mtu alimtikisa mkono. Redio alitazama sakafu.

Bwana Misitu alisubiri kwa adabu, kichwa bado ameinamisha, na hakusogea hatua hata moja mpaka askari walipomvuta.